Kamera ya kwanza, na fangasi wa Dar

Swali: Naishi Mbagala, nataka kuanza kupiga picha za sendofu na harusi. Ninunue DSLR gani, na niitunzeje?

Jibu: Mdogo wangu, usihangaike na megapikseli. Canon 700D ya mtumba, iliyotoka mwaka 2013 na megapikseli zake 18, inatosha kabisa. Fedha inayobaki nunua lenzi ya milimita 50 yenye f/1.8, kwa sababu kumbi zetu nyingi zina mwanga hafifu, na ile 18–55 inayokuja na kamera huelemewa humo. Ukipenda Nikon D3400, chukua 50 yenye alama ya AF-S. Ile ya AF-D utaifokasi kwa mkono, kwani kamera hiyo haina mota ndani.

Kariakoo nenda mchana. Vua lenzi, imulike kwa tochi ya simu: ukiona vijinyuzi kama utando wa buibui, hao ni fangasi. Achana nayo, hata wakikupunguzia bei vipi.

Fangasi hupenda unyevu na giza, na begi lililofungiwa kabatini masika yote huwapa vyote viwili. Hifadhi kamera kwenye kontena la plastiki lenye mfuniko unaobana, pamoja na silika jeli ile inayobadilika rangi ikishiba maji, na uitoe mara kwa mara upige picha. Ukitoka kwenye ukumbi wenye kiyoyozi, liache begi likiwa limefungwa mpaka lizoee joto la nje. Vumbi lipulize kwanza; kioo usikifute kwa pindo la kanga.