Tunapima Nini? Somo la Mizinga ya Ndege Kutoka Izigo

Wanachuo wenzangu, likizo iliyopita nilikuwa nyumbani Izigo, Muleba, naandaa somo la Fizikia la Kidato cha Pili kwa ajili ya mazoezi ya kufundisha. Mada ilikuwa nishati mwendo. Nilitaka mfano ambao mwanafunzi hatausahau. Kwenye laptopu nina mchezo wa kuigiza urushaji wa ndege za kivita, na ndani yake ipo MiG-17, aina mojawapo waliyokuwa nayo wanajeshi wa Idi Amin wakati ndege zake zilipoishambulia Bukoba Oktoba 1978. Nikasema, mfano si huu hapa!

MiG-17 ina mizinga mitatu puani: mmoja wa milimita 37 na miwili ya milimita 23. Swali langu lilikuwa rahisi: upi unaharibu zaidi? Nikafyatua risasi mojamoja kwenye ndege iliyosimama. Ya 37 ikang'oa bawa, ya 23 ikaacha tundu. Nikaandika jibu, nikafunga daftari.

Mdogo wangu aliyekuwa anachungulia akauliza, "Kaka, kwani umepiga sehemu ileile?" Nikakosa la kusema. Sehemu haikuwa moja, wala umbali. Yaani nilibadilisha vitu vitatu kwa mpigo, halafu nikakipa sifa kimoja.

Tukaanza upya: umbali mita 200, bawa lilelile, mara kumi kwa kila mzinga. Kila matokeo tukayaandika, hata yaliyotuumbua. Mara mbili kati ya kumi, risasi ya 37 ililipata bawa na bawa likabaki mahali pake.

Sasa hesabu. Nishati mwendo ni nusu ya tungamo mara kasi ya kipeo cha pili. Risasi ya 37 ina gramu 735 hivi, ya 23 ina gramu 200 hivi, na zote hutoka mtutuni kwa karibu mita 690 kwa sekunde. Ya kwanza inabeba kama kilojuli 175, ya pili kama 48. Karibu mara nne!

Lakini ngoja. Mzinga wa 37 hutoa risasi kama 400 kwa dakika, na kila mzinga wa 23 kama 850. Kwa sekunde moja, mkubwa unatoa kilojuli 1,170 hivi. Wadogo wawili kwa pamoja, 1,350 hivi. Ukipima kwa risasi, mkubwa anashinda. Ukipima kwa sekunde, wadogo wanashinda. Na hapo vilipuzi vilivyomo ndani ya risasi hatujavigusa, maana fomula hii haivioni.

Bibi alikuwa anamenya ndizi, akauliza hiyo milio ni ya nini. Nikamweleza. Akanyamaza kidogo, kisha akasema mwaka ule wa vita wakisikia ndege walikimbiza watoto migombani, na mlio ukiisha wanahesabiana. "Mjukuu wangu, na huo mchezo wako unahesabu watu?"

Nikaitazama skrini upya. Mchezo unahesabu bawa, tangi la mafuta, injini na rubani. Chini ni majani tu.

Sikuuacha mfano wangu, ila somo nililipanga upya. Mwanafunzi aandike kwanza anapima nini, kwa kipimo gani, na kipi hakibadiliki. Arudie jaribio. Mwisho aandike kitu ambacho jaribio lake haliwezi kukionyesha. Kompyuta inajibu kwa yale tu ambayo mtunzi wake aliyaweka ndani, na sisi walimu tusipolisema hilo, mtoto ataondoka darasani akidhani ameiona vita yote.

Mstari ule wa mwisho wa daftari langu niliujaza kwa maneno ya Bibi.