SOMO LA KIKUNDI: Injini Mpya Katika Land Rover ya Zamani



Land Rover za Series III zilitengenezwa kuanzia 1971 mpaka 1985, na hata leo utazikuta zikibeba maziwa, mbolea na watu kwenye barabara zetu mbaya. Injini yake ikichoka, watu huanza kusema, "Tutoe hii, tuweke yenye nguvu." Wazo hilo si baya. Lakini kabla pesa za kikundi hazijatoka, tujifunze jambo moja: injini, giaboksi, difu na breki hufanya kazi pamoja. Ukigusa kimoja, umevigusa vyote.

Nguvu inapitia wapi?

Injini inazungusha klachi, klachi inapeleka nguvu kwa giaboksi, kisha propela shafti, kisha difu, na mwisho haf-shafti zinazozungusha magurudumu. Injini ya petroli ya lita 2.25 iliyokuja na gari hilo ina nguvu za farasi kama 70. Mafundi wengi wa Land Rover hupenda kuweka badala yake dizeli ya 200Tdi, ya Discovery za kwanza zilizotoka 1989. Hiyo ina nguvu za farasi 111, na nguvu yake ya kuzungusha inazidi ile ya zamani kwa zaidi ya nusu.

Sasa fikirieni: ukimfunga fahali mwenye nguvu kwenye jembe kwa kamba iliyokwisha, ni nini kitakatika? Ni kamba. Ndivyo ilivyo hapa. Klachi ndogo itateleza, meno ya giaboksi yaliyolika yataanza kulia, na haf-shafti nyembamba za nyuma zinaweza kukatika gari likiwa limejaa mzigo mlimani. Kwa hiyo fundi afungue na kukagua hizo zote kabla hamjanunua injini.

Difu ni kitu gani hasa?

Difu ya gari hili imeandikwa 4.7. Maana yake, propela shafti huzunguka mara 4.7 ili magurudumu yazunguke mara moja. Hiyo ni nzuri kwa mlima na matope. Lakini ukifika lami, kwa mwendo wa kilomita 80 kwa saa injini huzunguka kama mara 2,900 kwa dakika. Inapiga kelele na kunywa mafuta. Difu ya Range Rover ya zamani ni ya 3.54. Nayo hupunguza mizunguko hiyo mpaka kama 2,200.

Msikimbilie difu hiyo bure. Ukiiweka na injini ya zamani iliyochoka, mlima utakushinda. Tena angalieni mambo mawili:

1. Difu ya mbele na ya nyuma lazima ziwe za hesabu moja. Zikitofautiana, siku mtakapotumia magurudumu yote manne, zitavutana mpaka kitu kivunjike.

2. Long wheelbase za miaka hiyo nyingi zina ekseli ya nyuma ya Salisbury. Ni ngumu sana, lakini difu ya Range Rover haiingii humo. Jueni ekseli yenu kabla ya kununua.

Hatari ambayo haionekani

Mita ya mwendo ya gari hili inaendeshwa kutoka giaboksi, siyo kutoka magurudumu. Ukibadilisha difu kutoka 4.7 kwenda 3.54 na mita isirekebishwe, dereva akiona 60, kumbe yuko 80! Na gari la 80 lina nguvu ya mwendo karibu mara mbili ya lile la 60. Nguvu hiyo yote inasimamishwa na breki za ngoma zilezile za zamani. Hapo watu wanaweza kufa. Basi breki zitengenezwe kwanza, kabla ya injini.

Jaribio la kufanya pamoja

Simamisheni gari mahali tambarare. Zuieni magurudumu matatu kwa mawe makubwa, mbele na nyuma. Inueni gurudumu moja la nyuma kwa jeki. Gari lisiwe kwenye gia, na hendibreki iachiliwe, kwa sababu katika gari hili inashika propela shafti. Mtu asiingie chini; anayehesabu achungulie kutoka kando. Pigeni alama ya chaki kwenye propela shafti, kisha zungusheni gurudumu mara mbili kamili. Shafti ikizunguka karibu mara tano, difu ni ya 4.7. Ikizunguka mara tatu na nusu, ni ya 3.54. Hapo mwenye kuuza spea hatawadanganya.

Karatasi

Namba ya injini imeandikwa kwenye logbuku. Ukibadilisha injini, lazima NTSA wajulishwe, na kampuni ya bima pia. Msinunue injini isiyo na karatasi, hata ikiwa rahisi namna gani. Huenda imetolewa kwenye gari la wizi. Na kama mnatoka petroli kwenda dizeli, tangi lisafishwe kabisa na liwekwe paipu ya kurudishia mafuta.

Maswali ya kujadiliana

1. Gari letu linafanya kazi wapi zaidi: mlimani na matope, au lami ya mbali? Kama ni mlimani, je, tunahitaji kweli kugusa difu?

2. Je, kutengeneza injini tuliyo nayo kutagharimu kiasi gani? Pateni bei kwa maandishi kutoka kwa mafundi watatu. Ndani yake wataje klachi, mauntini, propela shafti na breki, siyo injini peke yake.

3. Nani kati yetu atakuwa gereji kila siku, na fundi atalipwa kwa hatua gani?

Mweka hazina asitoe hata shilingi kabla maswali haya hayajajibiwa na kuandikwa kwenye kitabu cha mikutano.