Nani Alikuvika?

SOMO: Mwanzo 24:15-58, Kutoka 32:1-4, Kutoka 35:20-22

Washirika huniuliza sana: je, Mkristo anaruhusiwa kuvaa hereni na shanga? Leo tuanze na swali linalotangulia hilo: pambo hilo lilikufikiaje, na limekugharimu nini?

1. Pambo ni mali. Mtumishi wa Ibrahimu alimpa Rebeka pete ya nusu shekeli na vikuku viwili vya shekeli kumi. Shekeli moja ni karibu gramu 11, kwa hivyo vikuku peke yake vilizidi gramu 100 za dhahabu. Mimi nilisomea biashara, siwezi kupita hapo bila kupiga hesabu: hiyo ni akiba, si urembo tu. Lakini tazama mstari wa 57 na 58. Pamoja na dhahabu yote hiyo mkononi, watu wa nyumbani walimwita binti, wakamuuliza kama atakwenda. Akajibu mwenyewe. Vikuku havikumjibia.

2. Pambo laweza kuwa mnyororo. Kule Samburu, shanga ni kazi nzuri ya mikono ya akina mama, na wengi wanalipa karo kwa kuziuza. Hazina dhambi. Lakini iko desturi nyingine: moran anamvika msichana mdogo shanga, na kwa shanga hizo anahesabiwa ana haki juu ya mwili wake. Kwa kuwa ni wa ukoo mmoja, hatamwoa. Akishika mimba, aibu ni ya mtoto. Yeye hakuulizwa! Sheria ya Makosa ya Kingono ya 2006 inasema kulala na mtoto wa chini ya miaka 18 ni unajisi. Na sisi wa mjini tusijione wasafi. Mwanamume anayemnunulia msichana wa sekondari cheni na simu, si ni shanga zilezile?

3. Pambo hufuata moyo. Waisraeli walivua hereni, Haruni akatengeneza ndama. Sura tatu mbele, watu haohao wanaleta hereni na pete kwa kazi ya hema ya kukutania. Dhahabu ni dhahabu tu. Mioyo ndiyo iliyogeuka.

Kwa hivyo, wahudumu wa mlangoni, msichana akiingia na shanga shingoni, msianze kumwambia azivue. Mpeni kiti. Baada ya ibada, mama wa kanisa akae naye, amuulize polepole ni nani alimvika. Akisema neno zito, tusilimalize kimyakimya ofisini kwa mchungaji. Tupige 116, nambari ya bure ya kusaidia watoto.

YA KUJADILI NYUMBANI
- Binti yako akipewa zawadi ya thamani, anaweza kukuambia bila kuogopa?
- Kuna zawadi uliyowahi kutoa ukitarajia kulipwa kwa njia isiyo halali?

OMBI: Bwana, tufundishe kumwona mtu kabla ya pambo lake. Amina.