SOMO LA MWEZI: MSITU, KISIMA NA MWAMBA WA KIWENGWA



Mwezi huu twende Kiwengwa. Tukitoka mjini kupitia Mahonda na Kinyasini, njia inapita kwanza kati ya minazi na mikarafuu, katika udongo mzito. Halafu ardhi inabadilika: mawe yenye ncha, vichaka, miti mifupi. Hapo tumeingia maweni. Kisiwa ni kimoja, na masika ni yale yale, lakini mkarafuu unaostawi upande wa magharibi haushiki upande huu. Kwa nini?

Swali kama hilo ni la elimu iitwayo ikolojia. Jina hilo lilitungwa mwaka 1866 na Mjerumani Ernst Haeckel, kutokana na neno la Kiyunani oikos, maana yake nyumba. Wakili anayesimuliwa katika Luka 16 naye huitwa, katika Kiyunani, kwa neno la mzizi huo huo. Basi ikolojia ni elimu ya wakaao nyumba moja: mimea, wanyama na watu, pamoja na hewa, maji na udongo wanavyovitegemea.

Wataalamu wameigawa dunia katika kanda kubwa kwa kadiri ya joto na mvua: majangwa, nyika kama Serengeti, misitu ya mvua kama ya Kongo, na nchi za baridi kali ambako miti haioti. Kila ukanda huitwa biomu. Ndani ya ukanda zimo nyumba ndogo ndogo nyingi, na kila moja ni mfumo wa ikolojia. Msitu wa Hifadhi wa Kiwengwa-Pongwe ni mfumo mmoja. Mwamba wa matumbawe ulio mbele ya pwani ni mwingine.

Tulipokuwa tukifundisha, tulichora ubaoni nyasi, swala na simba. Hatukufikiri kwamba mtoto wa Unguja hajaona simba, ila tasi amemla tangu alipoachishwa ziwa. Tungechora hivi: majani ya bahari hujitengenezea chakula kwa mwanga wa jua, tasi huyala majani, kolekole humla tasi, nasi tunamla kolekole. Katika kila hatua, kiasi cha sehemu moja tu ya kumi ya nguvu ndiyo hupita mbele. Ni kama fungu la kumi. Tisa zimekwisha kutumika njiani. Ndiyo maana samaki wakubwa huwa wachache, na wakivuliwa kupita kiasi hawarudi upesi.

Sasa turudi kwenye mawe. Jiwe la maweni ni matumbawe ya kale, yaliyoota baharini na kubaki nchi kavu. Hata kuta za Kanisa Kuu letu la Mkunazini, ambalo jiwe lake la msingi liliwekwa mwaka 1873, zimejengwa kwa mawe ya matumbawe, kazi ya vijidudu vya baharini. Jiwe hilo lina matundu. Kiwengwa hakuna mto. Mvua huzama katika nyufa na mapango, ikakaa chini ya ardhi, ikielea juu ya maji ya chumvi kwa sababu maji matamu ni mepesi zaidi. Visima vyote huchota humo.

Juu ya tangi hilo umekaa msitu. Majani yanayooza hujaza udongo katika vishimo vya mawe, na humo mkulima hupanda muhogo kwa muo. Zamani shamba lilipumzishwa miaka mingi. Siku hizi mapumziko yamefupika, na kuni, mkaa na tanuu za chokaa zinataka miti ile ile. Tusiwe wepesi kumlaumu mkata kuni, maana chokaa yake imepaka nyumba zetu za mjini. Lakini paa nunga amekuwa adimu sana, na kima punju, asiyepatikana kiasili popote duniani ila Unguja, hana msitu wa pili wa kuhamia.

Kisha zikaja hoteli, hasa tangu miaka ya 1990. Vijana wetu wengi wanapata riziki huko na kulipia watoto skuli, wala hatusemi zifungwe. Ila uchunguzi wa pwani ya mashariki uliochapishwa mwaka 2001 ulionyesha kwamba mgeni mmoja hutumia kwa wastani zaidi ya lita 600 za maji kwa siku. Mama wa kijijini hubeba yake kwa ndoo. Pampu ikivuta kuliko mvua inavyojaza, chumvi hupanda. Na maji machafu ya shimo la choo, la hoteli au la kwetu, hupita katika matundu yale yale hadi kisimani, kisha baharini, ambako hurutubisha mwani unaofunika matumbawe. Matumbawe hayo yalikwisha kuumia kwa joto la bahari mwaka 1998. Yakifa, nani atavunja mawimbi? Na mchanga mweupe anaoufuata mgeni, sehemu yake imepita tumboni mwa pono, samaki atafunaye matumbawe.

Kazi ya mwezi huu: walio karibu na pwani waonje maji ya kisima chao siku za bamvua, na tena siku za maji mafu, waandike kama ladha imebadilika. Wazee nao waulizwe ni visima vipi vilivyokuwa vitamu walipokuwa watoto, na vikoje leo. Maji yachemshwe kwanza, kwa usalama. Chumvi haiondoki kwa kuchemsha. Majibu aletewe katekista.