MAFUNZO: UKAGUZI NA UTUNZAJI WA BETRI ZA MAGARI YA KAZI YA UMEME

Tangu mwaka 2024 treni ya umeme itokayo Dar es Salaam kwenda Dodoma hupita Kilosa, ikichukua nguvu katika waya ulio juu ya reli. Gari dogo la kazi la umeme halina waya. Nguvu yake yote imo ndani ya betri. Likizimika mjini Kilosa, husukumwa. Likizimika Mikumi, ndani ya Hifadhi ya Taifa, dereva hawezi kushuka na kutembea miongoni mwa tembo na simba. Hivyo ukaguzi wa betri si jambo la hiari.

Somo hili linahusu betri za risasi na tindikali zenye vizibo. Betri za lithiamu hazifunguliwi, huachiwa fundi.

Kwanza, usalama. Betri inapochajiwa hutoa gesi ya haidrojeni, nayo huweza kulipuka ifikapo asilimia 4 tu ya hewa. Basi ichajiwe mahali penye hewa, mbali na moto na sigara. Mkaguzi azime gari, avue pete na saa, avae glavu na miwani. Tindikali ikiingia jichoni, lioshwe mara moja kwa maji safi mengi kwa dakika zisizopungua 15, kisha mtu huyo apelekwe hospitali.

Pili, usafi. Vichwa vya betri vikiota ukungu mweupe au wa kijani, visuguliwe kwa maji yenye magadi, vizibo vikiwa vimefungwa; kisha nyaya zikazwe.

Tatu, maji. Kinachopungua ndani ya betri ni maji, si tindikali. Kwa hiyo anunuaye “maji ya betri” dukani ahakikishe amepewa maji yaliyokenekwa. Yaongezwe baada ya kuchaji, kwani wakati wa kuchaji hupanda na kufurika. Bamba zikionekana kavu kabla ya kuchaji, yatiwe ya kuzifunika tu. Katika nchi ya joto, ukaguzi huu ufanywe kila wiki.

Nne, chaji. Betri ya volti 12 iliyopumzika saa kadhaa ikionesha volti 12.7 imejaa, ikionesha karibu 12.1 imebaki nusu. Gari lichajiwe kila litokapo kazini, kwani betri iachwayo tupu hujenga chumvi ngumu juu ya bamba zake. Betri moja iliyo dhaifu huwachosha wenzake wote; hivyo kila moja ipimwe peke yake na kipimo kiandikwe daftarini.

Betri chakavu isivunjwe uani wala kutupwa jalalani, kwani risasi hudhuru ubongo wa watoto. Ikabidhiwe kwa wakusanyaji wenye kibali.

Betri huuawa na kiu na njaa kabla ya kuchoshwa na kazi. Wakuu wa vituo wanaombwa kuwafikishia madereva wao mafunzo haya.