Pumu, Kifua Sugu na Mafua ya Mzio: Ijue Kazi ya Kila Dawa

Miwa inapochomwa Navakholo, Malava au Mumias, majivu meusi hutua hadi kwenye nguo zilizoanikwa, na moshi wake huingia vifuani. Ongeza moshi wa kuni jikoni, vumbi la mahindi wakati wa kupukuchua na baridi ya masika, na mwenye pumu hapa Kakamega ana sababu za kubanwa karibu mwaka mzima. Wengi hutembea na inhela mfukoni. Shida ni kwamba mara nyingi ni inhela moja tu, ile ya kufungua kifua. Ile ya kutuliza ugonjwa wenyewe hawana, au waliiacha walipopata nafuu.

Ya kufungua na ya kuzuia

Katika pumu, njia za hewa huwa zimevimba kwa ndani hata siku ambayo mgonjwa hajisikii vibaya. Kikija kichochezi, misuli inayozizunguka hukaza na pumzi hukatika.

Salbutamol, ambayo kwa kawaida huwa kwenye inhela ya buluu, hulegeza misuli hiyo ndani ya dakika chache, na nguvu yake hudumu saa nne hadi sita. Uvimbe hauguswi. Dawa za kuzuia, kama beclometasone na budesonide, ni steroidi za kuvuta ambazo hupunguza uvimbe taratibu, kwa siku na wiki. Hutumiwa kila siku, uwe umebanwa au hujabanwa. Kipimo chake ni kidogo na huenda moja kwa moja kwenye mapafu, kwa hiyo usiziogope kama vidonge vya steroidi vinavyomezwa kwa miezi.

Tangu mwaka 2019, mwongozo wa kimataifa wa pumu, GINA, haupendekezi tena watu wazima na vijana watibiwe kwa salbutamol peke yake. Unapendelea inhela yenye budesonide na formoterol pamoja, kwa kuwa formoterol hufungua kifua haraka na budesonide hutuliza uvimbe. Si kila inhela ya mchanganyiko hufanya hivyo: yenye salmeterol haifai kwa dharura. Soma jina la dawa, usitegemee rangi pekee.

Ukijikuta unahitaji salbutamol zaidi ya mara mbili kwa wiki, au unaamshwa usiku na kifua, pumu yako haijadhibitiwa. Rudi kliniki. Mama mjamzito naye asiache dawa zake, maana pumu isiyodhibitiwa ni hatari zaidi kwake na kwa mtoto.

Namna ya kuvuta

Ukiona mvuke mweupe ukitoka mdomoni au puani baada ya kubonyeza, dawa imepotea. Fanya hivi:

1. Tikisa inhela, toa kifuniko.
2. Toa pumzi yote nje.
3. Bana mdomo wa inhela kwa midomo yako, anza kuvuta polepole, kisha bonyeza mara moja huku ukiendelea kuvuta.
4. Zuia pumzi kwa sekunde kumi.
5. Ngoja nusu dakika hadi dakika moja kabla ya kubonyeza tena.
6. Kama ni steroidi, sukutua na uteme maji, usije ukapata utando mweupe mdomoni.

Watoto na wazee hufaidika zaidi wakitumia spesa, yaani chombo kinachowekwa kati ya inhela na mdomo. Kama huna, chupa ya plastiki ya nusu lita hufaa. Utafiti wa Cape Town uliochapishwa mwaka 1999 ulionyesha kwamba, kwa watoto, chupa iliyozibwa vizuri mahali inhela inapoingia hufanya kazi sawa na spesa ya dukani. Ioshe kwa maji na sabuni, iache ikauke bila kuipangusa, toboa kitako chake kwa kipimo cha mdomo wa inhela, kisha mgonjwa avutie kwenye mdomo wa chupa.

Hesabu dawa pia. Inhela ya dozi 200, ukibonyeza mara mbili asubuhi na mara mbili jioni, huisha kwa siku 50, ingawa inaweza kuendelea kutoa hewa tupu. Andika tarehe ya kuanza kwa kalamu juu yake.

Kifua sugu cha watu wazima

Ugonjwa sugu wa mapafu, COPD, huwapata zaidi wavutaji sigara, lakini pia mama aliyepika kwa kuni miaka mingi bila kugusa sigara. Kikohozi kinachozidi wiki mbili kipimwe kifua kikuu kwanza. COPD yenyewe huthibitishwa kwa kupuliza kwenye mashine iitwayo spirometa. Msingi wa dawa zake ni za kufungua njia za hewa kwa muda mrefu, kama tiotropium. Steroidi za kuvuta huongezwa kwa baadhi ya wagonjwa tu, kwani zinaweza kuzidisha hatari ya nimonia. Hakuna dawa inayoshinda kuacha sigara na kuutoa moshi jikoni.

Pua

Chafya, mwasho na kamasi jepesi zikitokana na mzio, cetirizine au loratadine mara moja kwa siku hutosha wengi. Chlorpheniramine huleta usingizi, si ya dereva wa bodaboda wala mkata miwa mwenye panga. Pua ikiziba kila siku, dawa bora ni steroidi ya kupuliza puani. Shika chupa kwa mkono wa kulia unapopulizia tundu la kushoto, na kinyume chake, ili dawa isipige ukuta wa katikati. Matone ya kuzibua kama xylometazoline yasizidi siku tano.

Usisubiri kukuche

Mgonjwa akishindwa kumaliza sentensi, mbavu zikizama anapovuta pumzi, au midomo na ulimi vikigeuka rangi, mketishe wima. Mtu mzima apewe salbutamol kwa spesa, mibonyezo minne hadi kumi, mmoja mmoja, na irudiwe kila dakika 20 mkiwa njiani kwenda hospitali iliyo karibu: Malava, Butere, Iguhu, Lumakanda au Hospitali Kuu ya Kaunti mjini.

Mwenye pumu asinunue aspirini, ibuprofen wala propranolol bila kumwambia muuzaji hali yake. Na siku ya kliniki, beba inhela zako zote, umwombe mhudumu akutazame ukivuta.