SOMO LA ROBO HII: Taarifa na Mazungumzo Yake Vikae Mahali Pamoja

Somo la robo hii ni la kompyuta, lakini tunawaomba wasio na kompyuta wasifunge ukurasa. Linahusu jambo ambalo kila kamati inalijua: neno lilisemwa, likapotea, na lawama ikamwangukia asiyehusika.

Mabati kumi

Katika usharika mmoja tulijenga darasa la watoto wa chekechea. Siku ya kuezeka, fundi alituandikia kwa simu kwamba yametumika mabati 62. Baada ya saa moja akaandika tena kusahihisha: kumi yamebaki, yamerudishwa dukani na kubadilishwa kwa mbao na misumari, hivyo yaliyotumika ni 52. Mwenzetu aliyekuwa akiandaa taarifa alikuwa ameshaandika namba ya kwanza kwenye kompyuta, na simu ameiacha kwenye chaji chumba cha pili. Alipousoma ujumbe wa pili jioni, hakukumbuka kurudi kwenye taarifa. Ikaenda kwa wafadhili ikiwa na 62.

Miezi michache baadaye wageni walikuja, wakatazama paa, wakahesabu. Daftari la fedha lilionyesha malipo ya mabati 62. Aliyeulizwa mbele ya watu alikuwa mama mhazini: "Mama, mabati kumi yako wapi?" Alieleza, lakini maneno matupu hayakutosha. Fundi alikuwa amebadilisha simu na ujumbe haukuwepo tena. Simu ya mwenzetu nayo ilikuwa imefutwa ilipojaa. Kwa wiki mbili mama yule alikuja vikaoni akikaa kiti cha nyuma, mpaka mwenye duka alipopata nakala ya hati ya kurudisha mali.

Tulimwomba radhi mbele ya kamati. Kosa lilikuwa letu ofisini. Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari, nasi tukajifunza kwamba siku hizi hata mazungumzo ni mali, na yanahitaji daftari.

Tatizo lilikuwa wapi?

Tulipoketi kutafakari tuliona matatizo mawili. La kwanza, taarifa iliandikwa sehemu moja na mazungumzo yanayoilisha yalikuwa sehemu nyingine. Mwandishi alilazimika kuruka kati ya simu na kompyuta, na kila mruko ni nafasi ya kukosea. La pili, mazungumzo yenyewe hayakuwa mikononi mwetu. Yalikuwa ndani ya simu za watu, katika huduma ambayo hatuna sauti juu yake.

Kijana mmoja aliyekuwa akijitolea ofisini kwetu ndiye aliyetuonyesha njia ambayo hatukuwa tumeifikiria: kupokea na kutuma ujumbe wa papo kwa papo ndani ya programu ileile tunayoandikia taarifa. Programu ya kuandikia inaitwa Emacs, na kiungo cha kuzungumzia ndani yake kinaitwa jabber.el. Zote mbili ni programu huria: hazinunuliwi, na mtu yeyote anaruhusiwa kuzitumia, kuzichunguza, kuzirekebisha na kumgawia jirani.

Historia fupi

Emacs ilianza mwaka 1976 katika chuo cha MIT nchini Marekani. Toleo linalotumika leo, GNU Emacs, lilitolewa na Richard Stallman mwaka 1985. Ni programu ya kuandika maandishi ya kawaida, yasiyo na mapambo. Tangu mwanzo ilijengwa ili mtumiaji aweze kuiongezea kazi nyingine, ndiyo maana watu husoma barua pepe na hata kupanga ratiba humo humo.

Mazungumzo pia si jambo geni ndani yake. Mwaka 1988 Jarkko Oikarinen wa Oulu, Finland, alianzisha IRC, ambayo ni vyumba vya mazungumzo ya maandishi kwenye mtandao. Emacs toleo la 22, la mwaka 2007, lilikuja na programu mbili za IRC ndani yake.

Jabber ilifuata. Jeremie Miller aliitangaza mwezi Januari 1999. Mwaka 2004 shirika la IETF, linalosimamia viwango vya intaneti, liliipitisha kuwa kiwango rasmi kwa jina la XMPP. Kiwango maana yake ni kanuni zilizoandikwa wazi, ambazo yeyote anaweza kuzifuata bila kuomba kibali.

Uwazi una faida gani?

Fikirini barua pepe. Mwenye anwani kwa mtoa huduma mmoja anaweza kumwandikia mwenye anwani kwa mwingine, wala hawaulizani. XMPP inafanya vivyo hivyo kwa ujumbe wa papo kwa papo. Anwani yake hata inafanana na ya barua pepe: jina, alama ya @, kisha jina la seva, yaani kompyuta inayopokea na kugawa ujumbe. Taasisi inaweza kuwa na seva yake, au kuomba akaunti kwenye seva ya wengine. Zipo programu huria za kuendeshea seva hiyo, kama ejabberd na Prosody, na Prosody ni nyepesi kiasi kwamba kompyuta ndogo ya bei nafuu inaweza kuibeba.

Sasa tazameni huduma zinazomilikiwa na kampuni moja moja. AIM ilifungwa Desemba 2017. Yahoo Messenger ilifungwa Julai 2018. ICQ, iliyoanza mwaka 1996, ilifungwa Juni 2024. Waliokuwa kwenye Messenger ya Microsoft walihamishiwa Skype kuanzia mwaka 2013, na Skype nayo ikafungwa Mei 2025. Hatusemi kampuni hizo zilifanya dhambi. Biashara huanza na biashara huisha. Tunasema tu kwamba anayeweka kumbukumbu zake kwenye ghala la mwenzake, siku ghala likifungwa, atahama kwa haraka au atapoteza.

Aidha, tusidhani kuwa kampuni ikitumia kiwango cha wazi basi imeahidi kukitumia milele. Google Talk ilianza mwaka 2005 ikitumia XMPP, na ikawa inaweza kuzungumza na seva za wengine. Mwaka 2013 Google ilianza kuwahamishia watumiaji kwenye huduma nyingine isiyofuata kiwango hicho, na mwaka 2022 Google Talk ikafungwa kabisa. Waliokuwa na akaunti kwenye seva nyingine za XMPP waliendelea kuzungumza wao kwa wao. Hiyo ndiyo faida: mlango mmoja ukifungwa, nyumba inabaki na milango mingine.

Jinsi ya kuanza

Hatua hizi ni za katibu au mtunza kumbukumbu mwenye kompyuta. Katika maelezo ya Emacs, herufi C maana yake ni kubonyeza Ctrl, na M maana yake ni kubonyeza Alt. Kwa hiyo C-x ni Ctrl pamoja na x, na M-x ni Alt pamoja na x.

1. Weka Emacs kwenye kompyuta. Inapatikana kwa Linux, Windows na Mac. Ukiifungua kwa mara ya kwanza, bonyeza C-h kisha t. Litafunguka somo la kuanzia. Tenga nusu siku ulifuate bila haraka.

2. Pata akaunti ya XMPP. Andika anwani na neno la siri kwenye bahasha, uifunge, ikae na nyaraka za kamati, ili mhusika akihama kazi isikwame.

3. Ukiwa na intaneti, bonyeza M-x, andika package-install, bonyeza Enter, andika jabber, kisha Enter tena. Kwa Emacs ya toleo jipya, itajipakua yenyewe. Kwenye toleo la zamani zaidi mwombe fundi akusaidie.

4. Bonyeza M-x, andika jabber-connect-all, kisha Enter. Utaulizwa anwani na neno la siri. Ukishaunganishwa utaona orodha ya watu wako, na nani yupo mtandaoni.

5. Kumwandikia mtu, bonyeza M-x, andika jabber-chat-with, kisha chagua jina lake. Andika ujumbe, bonyeza Enter, umekwenda.

6. Gawanya kioo. C-x kisha 3 hukigawa sehemu mbili kushoto na kulia. Weka taarifa upande mmoja na mazungumzo upande wa pili. C-x kisha o hukuvusha kutoka upande mmoja kwenda mwingine.

7. Nakili, usiandike upya. Hapa ndipo penye kiini cha somo. Namba ikifika, weka alama kwenye sentensi nzima, bonyeza M-w kuinakili, vuka upande wa taarifa, bonyeza C-y kuibandika. Hakuna kukariri kichwani, na 62 haiwezi kugeuka 26 njiani.

8. Mwisho wa siku, ukiwa upande wa mazungumzo, bonyeza C-x kisha h ili kuyachagua yote, yanakili, uyabandike kwenye faili la kumbukumbu la mradi huo, kisha C-x C-s kulihifadhi. Faili ni maandishi ya kawaida. Litasomeka kwenye kompyuta yoyote, leo na baada ya miaka 20.

Aliye kwenye eneo la ujenzi hahitaji kompyuta. Anaweza kutumia simu ya Android yenye programu ya Conversations, ambayo ni huria na inatumia XMPP. Yeye anaandika kutoka juu ya paa, sisi tunapokea ndani ya taarifa. Ofisi ikiwa haiko mtandaoni, seva huutunza ujumbe mpaka tutakaporudi.

Umeme nao tumeufikiria. Emacs huhifadhi nakala ya dharura ya faili unaloliandika, kila baada ya muda mfupi. Umeme ukikatika, fungua faili lako tena, bonyeza M-x, andika recover-file, nawe utapata sehemu kubwa ya kazi yako. Nakala hiyo ni ya taarifa. Mazungumzo ni lazima uyahifadhi mwenyewe kama ilivyoelezwa katika hatua ya 8.

Tahadhari

Njia hii ina mipaka yake, nasi tungependa muijue mapema.

Kwanza, Emacs ni ngumu siku za mwanzo. Vidole vilivyozoea kubofya kwa kipanya vitalalamika. Kwetu sisi ilichukua wiki kadhaa kuizoea, na mwenzetu mmoja bado hutumia karatasi ya vifungo aliyoibandika ukutani.

Pili, usiri. Ujumbe ukiwa haujafungwa kwa ufunguo wa mtumaji na mpokeaji, anayeendesha seva anaweza kuusoma. Conversations ina ufungaji uitwao OMEMO, lakini hufanya kazi pale tu programu za pande zote mbili zinapokuwa nao. Ikiwa upande wa kompyuta hauna, ujumbe uliofungwa hautasomeka, na itabidi aliye kwenye simu auzime kwa mazungumzo hayo. Kwa sababu hiyo tumejiwekea kanuni: idadi ya mabati, saruji na siku za kazi zipite humo, majina ya watoto, hali za afya za watu na siri za familia zisipite kamwe.

Tatu, hatuwaambii wanakamati waache WhatsApp. Watu wako huko, na mwaliko wa kikao utawafikia huko. Tunachosema ni kwamba uamuzi au namba itakayoingia kwenye taarifa isiachwe huko peke yake.

Nne, ujumbe si risiti. Mazungumzo yanaeleza kwa nini jambo lilifanyika. Hati ya duka inathibitisha kwamba lilifanyika. Vyote viwili viende kwenye jalada moja.

Tulichobadilisha

Sasa kila mradi wetu una faili mbili zinazotembea pamoja, moja ya taarifa na moja ya mazungumzo yake. Kabla taarifa haijatoka, mtu ambaye hakuiandika hukaa na faili zote mbili na kulinganisha kila namba. Kazi hiyo huchukua kama saa moja. Saa hiyo ni ndogo ukiilinganisha na wiki mbili za mama mhazini.

Kwenu marafiki wachangiaji, mkiona namba isiyoeleweka katika taarifa yetu, tuulizeni sisi ofisini kwanza, kabla ya kumuuliza mtu wa usharika mbele ya wenzake. Tutaweza kuwaonyesha siku, saa na maneno yaliyoizaa namba hiyo.

Maswali ya kujadili katika kamati

1. Maamuzi ya kikao chetu cha mwisho yako wapi sasa hivi? Simu moja ikipotea leo, ni yapi yatapotea nayo?
2. Namba zilizo katika taarifa yetu ya robo iliyopita zilitoka kwa nani, na tunaweza kuonyesha?
3. Ni nani hulinganisha taarifa na kumbukumbu kabla haijatumwa? Kama hakuna, tumteue nani?
4. Je, yupo mtu kati yetu ambaye aliwahi kulaumiwa kwa sababu ya kumbukumbu iliyopotea? Tulimwomba radhi?

Kamati itakayopenda kujifunza kwa vitendo na itume jina la mtu mmoja ofisini kwetu. Aje na kompyuta kama anayo, na kama hana atatumia yetu. Mama mhazini wa usharika ule ameshajifunza, na siku hizi ndiye anayelinganisha taarifa zetu kabla hazijatoka.